Kutoka Memwari Hadi Kazini: Namna ya Kumfunza Mwanafunzi Kutafiti

Vichwa vya tasnifu za shahada ya kwanza mjini Kigali karibu vyote hufuata njia moja. Athari za jambo fulani katika utendaji wa jambo jingine; uchunguzi kifani wa benki, kampuni au sekta fulani; kuanzia mwaka huu hadi mwaka ule. Ndani mna sura tano: utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu, matokeo, hitimisho na mapendekezo. Katika sura ya tatu utawakuta waandishi wale wale wa mbinu na takwimu, Kothari, Mugenda na Mugenda, na Yamane wa mwaka 1967, na utawakuta vilevile ukienda Kampala, Nairobi au Dodoma. Kazi hii, ambayo Kigali wengi bado huiita memwari kwa mazoea ya Kifaransa, huandikwa mwaka wa mwisho, hutetewa mbele ya jopo, hutiwa jalada, na kwa wanafunzi wengi ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kufanya utafiti wakiwa chuoni.

Miezi michache baadaye kijana huyo yuko kwenye staji, yaani mafunzo ya kazini, katika mojawapo ya ofisi za Remera zilizojipanga kuanzia Kisimenti hadi Gishushu, na bosi anamwambia: "Hebu niangalizie, hivi inafaa tufungue duka la dawa huku Remera?" Hakuna sura tano hapo, wala msimamizi. Jibu linatakiwa Ijumaa. Na swali lenyewe halijakaa sawa: Remera ipi, kwa wateja gani, na "inafaa" kwa kipimo gani? Mtu aliyepata alama nzuri kwenye memwari anaweza kukaa mbele ya kompyuta asijue aanzie wapi, na hiyo si dalili ya uvivu wala upungufu wa akili. Alifunzwa kujaza umbo la andiko. Hakufunzwa kulichukua swali lililokaa ovyo na kulifikisha kwenye jibu ambalo mtu mwingine anaweza kuliamini kiasi cha kuweka fedha zake. Huu ujuzi wa pili ndio ninaotaka kuufungua hapa, kwa sababu ndio unaomsubiri kijana kazini, na kwa sababu naamini unaweza kuanza kufunzwa mwaka wa kwanza, kwa mazoezi madogo, kwenye mitaa inayokizunguka chuo.

Kwanza, waajiri wanalalamikia nini hasa? Oktoba 2012 watafiti wa Project Information Literacy nchini Marekani, wakiongozwa na Alison Head, walitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na waajiri 23 na mazungumzo ya vikundi na wahitimu 33. Waajiri hawakusema vijana hawajui kompyuta. Kwa hilo waliwasifu. Kilichowashangaza ni kwamba kijana akipewa swali hukimbilia intaneti, huchukua kilichotokea kwenye ukurasa wa kwanza wa matokeo, na kurudi na jibu upesi mno. Hapigi simu. Hamwendei mwenzake aliyekaa ofisini humo miaka mingi. Wahitimu nao walieleza kwamba kazini maswali huja bila maelekezo na huwa yana haraka, tofauti kabisa na walivyozoea darasani.

Ni utafiti mdogo, wa nchi moja na wa miaka kadhaa iliyopita, kwa hiyo usibebeshwe mzigo usio wake. Lakini ninapoutazama nikiwa na Kigali akilini, naona hoja ya simu ina uzito zaidi hapa kuliko kule ulikofanyika. Kodi ya fremu ya duka Giporoso, hapo hapo Remera, haiko Google. Anaijua dalali, ambaye hapa wanamwita komisiyoneri, na anaijua mwenye duka la jirani aliyelipa mwezi uliopita. Sehemu kubwa ya habari ambazo biashara na mashirika ya mji huu huzihitaji kila siku ziko vichwani mwa watu, kwenye madaftari yao na kwenye faili za ofisi ya sekta, ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya. Mwanafunzi aliyezoezwa kwamba utafiti ni kutafuta makala mtandaoni amefunzwa kuutazama upande mmoja tu wa mji wake.

Turudi kwenye duka la dawa. Mtafiti mzoefu akipewa swali lile hataanza kutafuta. Ataanza kuuliza: mnataka kujua kama kuna wateja wa kutosha, au kama kodi inabebeka, au kama washindani ni wengi mno? Bosi mara nyingi atajibu "yote", lakini ukimsikiliza vizuri utagundua kuna jambo moja linalomkosesha usingizi, labda mshindani aliyefungua karibu na kituo cha mabasi. Basi swali linageuka: kati ya Giporoso, Kisimenti na Gishushu, ni wapi wakazi ni wengi na maduka ya dawa ni machache? Sasa swali lina mahali, lina vitu viwili vinavyohesabika, na lina ulinganisho. Linaweza kujibiwa kabla ya Ijumaa.

Kinachofuata ni kujua kilichokwisha kuhesabiwa na wengine. Hapa Rwanda ina utajiri ambao wanafunzi wengi hawautumii. Taasisi ya Takwimu ya Taifa, NISR, iliendesha sensa Agosti 2022, na matokeo yake yako wazi kwa yeyote: watu 13,246,394 nchi nzima, 1,745,555 katika Jiji la Kigali, na 879,505 katika wilaya ya Gasabo, ambayo Remera ni moja ya sekta zake. Sensa iliyotangulia, ya mwaka 2012, iliihesabia Gasabo watu 529,561. Tofauti ni karibu watu 350,000, na ripoti za zamani bado zimo mtandaoni, bado zinapakuliwa, bado zinanakiliwa. Kijana aliyechukua jedwali la kwanza alilolikuta anaweza kumpelekea bosi wake wilaya iliyopungukiwa na watu thuluthi moja na zaidi. Kuangalia mwaka wa takwimu kabla ya kuitumia ni tabia ndogo, haichukui hata dakika, na ni ya aina inayokaa mwilini ikirudiwa mara nyingi tangu mapema. Ukiwa na idadi ya wakazi, unachukua orodha ya maduka yenye leseni kwenye mamlaka ya dawa, Rwanda FDA, halafu unavaa viatu na kwenda kutembea, kwa kuwa orodha haikuambii duka lipi limefungwa tangu mwaka jana wala lipi lina foleni saa moja jioni.

Kuna namba nyingine ambazo hazidanganyi kwa umri wake bali kwa fasili yake, na hizi ni ngumu zaidi. Chukua ukosefu wa ajira. Utafiti wa hali ya maisha ya kaya wa 2013/14, unaojulikana kwa kifupi cha Kifaransa EICV, uliripoti ukosefu wa ajira wa takribani asilimia 2 nchini Rwanda. Utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2017, wa taasisi ile ile ya takwimu, ukatoa karibu asilimia 17. Mwanafunzi akiziona namba hizi mbili bila kuongozwa atafanya moja kati ya mambo mawili: atachagua inayomfaa, au ataandika kwamba ukosefu wa ajira nchini uliongezeka mara nane kwa miaka michache. Yote mawili ni makosa.

Kilichobadilika ni fasili. Oktoba 2013, mkutano wa 19 wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi, uliofanyika Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani, uliamua kwamba neno ajira litumike kwa kazi inayofanywa kwa malipo au faida peke yake. Mtu anayelima ili familia yake ile, bila kuuza, anafanya kazi, na kazi yake ihesabiwe, lakini asiwekwe kwenye fungu la walioajiriwa. Katika nchi yenye wakulima wa namna hiyo kwa mamia ya maelfu, kuwatoa kwenye fungu moja kunabadilisha hesabu yote. Wengi wao hawakuingia kwenye fungu la wasio na ajira, kwa kuwa hawakuwa wakitafuta kazi; walitoka kabisa nje ya nguvukazi, na nguvukazi, ambayo ndiyo kigawanyo cha asilimia hiyo, ikawa ndogo. Kwa hiyo asilimia ikapanda bila shamba lolote kuachwa.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu ndilo somo ambalo, kama ningeruhusiwa kuchagua moja tu la kumpa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ningechagua hili. Halihitaji hesabu ngumu. Linahitaji kufungua kurasa za mwisho za ripoti, zile zenye maelezo ya istilahi, na kusoma nani amehesabiwa na nani ameachwa. Anayejua kufanya hivyo atakuwa na manufaa katika benki, katika gazeti, katika shirika la misaada, katika ofisi ya wilaya. Wakati wowote watu wawili kwenye mkutano watakapobishana kwa namba zisizolingana, yeye ndiye atakayeuliza: kila mmoja wenu amehesabu nini?

Sasa njoo kituo cha mabasi cha Remera, jioni, watu wakirudi makwao. Kigali iliupanga upya usafiri wake wa umma mwaka 2013 kwa kugawa njia kwa kanda na kuzikabidhi kwa kampuni, na kadi za kulipia nauli zikaja miaka miwili baadaye. Lakini foleni bado ni sehemu ya maisha ya mji, na kila mwanafunzi ana maoni kuhusu foleni. Mwalimu anaweza kuwapa darasa zima swali moja: abiria wa Remera husubiri basi kwa muda gani? Linaonekana jepesi. Wanafunzi wataenda kituoni na madaftari, watawauliza watu waliosimama kwenye foleni, watajumlisha na kugawanya, na watarudi na jibu ambalo si kweli, ingawa kila mtu aliyeulizwa alisema kweli.

Tazama kwa mfano wa kubuni. Tuseme kwa saa moja kituo kina njia mbili. Njia ya kwanza ina abiria 60, na kila mmoja anasubiri dakika 5. Njia ya pili ina abiria 20, na kila mmoja anasubiri dakika 45. Ukiwachukua wote 80, wastani wa kusubiri ni dakika 15. Lakini mwanafunzi hawaoni wote 80. Anawaona waliosimama pale kwa wakati aliofika. Wa njia ya kwanza huja na kuondoka upesi, kwa hiyo kwa wakati wowote ule utawakuta kama 5 tu. Wa njia ya pili wanakaa, kwa hiyo utawakuta kama 15. Akiwauliza wale 20 aliowakuta, na akafuatilia hadi kila mmoja apande basi, atapata wastani wa dakika 35. Amezidisha zaidi ya mara mbili, na hakuna aliyemdanganya. Foleni yenyewe imemchagulia watu wa kuwauliza: wanaosubiri sana ndio wanaokutwa.

Ukishaelewa jambo hili kituoni utaliona kila mahali. Kliniki inayotaka kujua wagonjwa hulazwa siku ngapi, ikihesabu waliomo wodini leo, itaangukia shimo hilo hilo. Duka linalotaka maoni ya wateja, likiwauliza wanaokuja kila siku, vivyo hivyo. Dawa yake ni rahisi kueleza na inachosha kutenda: simama pale watu wanapojiunga na foleni, chukua kila mtu wa kumi anayefika, andika saa aliyofika na saa aliyopanda, na urudie asubuhi, mchana na siku ya mvua. Ninapenda zoezi hili pia kwa sababu halichukui jina la mtu wala namba yake ya simu, na hilo lina maana yake, kama nitakavyoeleza.

Hapa ndipo tunapokutana tena na Yamane. Fomula yake ya ukubwa wa sampuli, inayochukua idadi ya watu na kuigawa kwa moja kujumlisha idadi hiyo iliyozidishwa na mraba wa kosa linalovumilika, imo katika memwari zisizohesabika za Afrika Mashariki. Kwa kosa la asilimia 5, kundi la watu 120 litakupa sampuli ya 92, na wilaya nzima ya Gasabo itakupa 400. Wanafunzi huikariri, hucheza na namba, huandika 92 au 400 kwa fahari, na baada ya hapo huenda kumpa dodoso yeyote aliyekubali kulijaza. Lakini fomula ina sharti: kila mtu katika lile kundi awe na nafasi ya kuchaguliwa kwa bahati nasibu. Bila sharti hilo, 400 ni idadi ya karatasi tu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea majibu ya kura za maoni zaidi ya milioni mbili, likatabiri kwamba katika uchaguzi wa rais Landon atamshinda Roosevelt, na Roosevelt akashinda kwa kishindo, kwa sababu majina yaliyotumiwa yalitoka kwa kiasi kikubwa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na waliorudisha karatasi ni wale waliokuwa na hamu ya kujibu. Mwanafunzi aliyewahi kukosea mwenyewe pale kituoni hahitaji kuhadithiwa sana habari ya Marekani ya 1936. Aliyeanza na fomula hata ukimhadithia, huiona kama historia.

Kuna ajira Kigali inayomlipa kijana moja kwa moja kwa ujuzi huu, nayo ni udadisi: kwenda kijijini au mtaani na kishikwambi, kuuliza maswali ya dodoso, kurudi na data safi. Laterite, kampuni ya utafiti iliyoanzia Kigali mwaka 2010, na Innovations for Poverty Action huajiri wadadisi kwa mradi, na kwa wahitimu wengi hiyo ndiyo kazi ya kwanza yenye mkataba. Programu zinazotumika, kama ODK na KoboToolbox, hazina gharama kwa anayejifunza. Mwalimu anaweza kutengeneza dodoso jioni na darasa likalijaribu kwenye simu zao kesho yake. Anachopaswa kuwaonyesha ni yale yanayotokea baada ya dodoso kujazwa. Kishikwambi huandika saa ya kuanza na ya kumaliza. Mahojiano yaliyopangiwa dakika 45 yakimalizika kwa dakika 9, msimamizi atauliza. Baadhi ya waliohojiwa watapigiwa simu tena na kuulizwa maswali machache yale yale, kulinganisha majibu. Mdadisi mmoja akiwa na kaya nyingi zisizo na mtoto hata mmoja, wakati wenzake wa eneo lile lile hawana kaya nyingi za namna hiyo, huenda amegundua kwamba kujibu "hapana" kunaruka kurasa tatu za maswali. Mwanafunzi anayeyajua haya kabla ya kuajiriwa anaelewa kwa nini data ina thamani, na kwa nini kuighushi ni kumwibia mtu ambaye uamuzi utafanywa kwa jina lake.

Na katika mji huu, adabu ya kuuliza ni sehemu ya ujuzi wenyewe. Maswali yanayoonekana mepesi kwenye karatasi, umezaliwa wapi, mlikuwa ndugu wangapi, wazazi wako hai, si mepesi Remera. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu walikimbilia Uwanja wa Amahoro, pale pale tunapopita kila siku, wakilindwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa, huku nje wenzao wakiuawa. Mzee anayejibu dodoso lako nyumba ya nne kutoka barabarani anaweza kuwa mmoja wa waliolala uwanjani humo. Mtafiti kijana anapaswa kujua hilo kabla hajabisha hodi: ajiulize kama swali lile analihitaji kweli kwa kazi yake, alifute kama halihitaji, na kama analihitaji ajue namna ya kusimama, kunyamaza na kumpa mtu nafasi ya kukataa. Hili halifundishwi kwa fomu ya ridhaa peke yake. Linafundishwa kwa kuigiza mahojiano darasani, wanafunzi wakiwa wawili wawili, na mwalimu akiwakatiza pale mhoji anapoharakisha kwenda swali linalofuata.

Sheria nayo ipo. Sheria namba 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inalinda taarifa binafsi nchini Rwanda, na orodha ya majina na namba za simu inayorushwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa ndiyo aina ya jambo linaloguswa nayo. Tafiti kubwa za takwimu huhitaji kibali cha NISR, za afya hupitia kamati ya maadili, na hata zoezi dogo la mtaani linaenda vizuri zaidi mwanafunzi akiwa na barua ya chuo ya kumwonyesha kiongozi wa mtaa. Mwanafunzi akizijua taratibu hizi, akifika ofisini atakuwa mtu wa kwanza kuuliza kama kibali kimepatikana, na mashirika yaliyowahi kusimamishiwa utafiti katikati yanajua swali hilo lina thamani gani.

Kuhusu maandiko ya wengine, nitasema kwa ufupi, kwa sababu tatizo hapa ni dogo kuliko linavyodhaniwa. Wanafunzi wengi hufika kwenye makala ya kulipia, huambiwa watoe dola 30 au 40, na huishia hapo. Rwanda iko katika kundi la nchi ambazo taasisi zake huingia bure kwenye Research4Life, mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji ulioanza na makala za afya mwaka 2002 na sasa una kilimo, mazingira, sheria na mengineyo. Chuo kinajisajili, mkutubi anapewa nywila, na mlango uko wazi. Majarida ya Afrika yanapatikana kwenye African Journals Online, tangu 1998. Kinachokosekana mara nyingi ni saa moja ya mkutubi kukaa na darasa.

Akili unde imeongeza jambo moja jipya. Ukiiomba marejeo, inaweza kukupa mwandishi, kichwa, jarida na mwaka, vyote vikiwa vimepangwa vizuri na makala yenyewe isiwepo duniani. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa, pamoja na kampuni yao, faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi za namna hiyo. Sioni faida ya kuwakataza wanafunzi chombo ambacho ofisi zitawapa siku ya kwanza. Afadhali mwalimu awape marejeo kumi, matatu yakiwa hayapo, na awaambie wayatafute hadi wajue ni yapi. Watakaoyapata watakuwa wamejifunza kufuata nyayo hadi kwenye chanzo, na watakaokosa watakuwa wamejifunza jambo hilo hilo kwa uchungu zaidi.

Vyuo vyenyewe havijalala. Kepler, iliyoanza Kigali mwaka 2013 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Southern New Hampshire, ilijengwa tangu mwanzo juu ya kazi za vitendo zinazopimwa kwa uwezo badala ya mtihani mmoja wa mwisho. NISR huandaa mashindano ya wanafunzi wa vyuo vikuu kutumia takwimu zake, na data ghafi za tafiti zake nyingi hupatikana kwa kujiandikisha tu. Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati kina kampasi yake Gishushu, na makao ya Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, inayosajili kampuni za nchi hii, yako Gishushu hiyo hiyo. Mwanafunzi wa biashara anaweza kwenda kwa miguu kumuuliza ofisa namna rejesta ya kampuni inavyosomwa. Vifaa vyote vipo. Kinachozuia, kwa maoni yangu, ni mahali utafiti ulipowekwa kwenye ratiba: mwishoni, kwa mkupuo, ukiwa na uzito mkubwa kiasi kwamba mwanafunzi haruhusiwi kukosea. Na utafiti ni kazi ambayo mtu hujifunza kwa kukosea mahali ambapo kosa halimgharimu shahada.

Sipendekezi memwari ifutwe. Ningetaka anayeifikia awe ameshafanya tafiti ndogo kadhaa: foleni ya kituo mwaka wa kwanza, namba mbili zinazopingana mwaka wa pili, na mwaka wa tatu swali halisi kutoka kwa mwenye biashara wa mtaani, ambaye atakuja darasani kusikiliza jibu na kusema kama linamsaidia. Huyo wa mwisho ndiye mtahini bora ninayemjua. Hajali kama marejeo yamepangwa kwa mtindo upi, atauliza, "Uliwauliza akina nani?", na mwanafunzi itabidi ajibu mbele ya wenzake. Mgawanyo wa alama nao ubadilike: sehemu kubwa iende kwenye daftari la safari yenyewe, yaani swali lilianza vipi, likabadilishwa kwa nini, nani alipigiwa simu, kipi kilikosekana, na mwandishi ana uhakika kiasi gani na kila alichokiandika.

Walimu watasema hawana muda, nao wana haki. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi wa memwari kwa wakati mmoja husoma kurasa kwa mamia, na usomaji wa namna hiyo huishia kwenye kusahihisha vichwa vya habari na nafasi za mistari. Ndiyo maana tafiti hizi ndogo ziwe na kurasa sita, zisizidi: moja ya swali, mbili za namna ya kutafuta, mbili za kilichopatikana, moja ya kisichojulikana bado. Kurasa sita mwalimu anazimaliza kwa nusu saa, na mwanafunzi anaweza kurudishiwa akaandika upya mara mbili au tatu muhula ukiwa bado haujaisha.